Mitende Ilipohamia Katuba

Ninyi mnaobaki bustanini mliniomba niandike, na nimekawia kwa sababu ya kuona haya tu. Shule niliiacha darasa la sita, kwa masista, na tangu siku hiyo kalamu yangu imeandika majina ya mimea kwenye vibao zaidi ya kitu kingine. Mkikuta mahali nimekosea, sahihisheni kimyakimya, msinipigie simu. Habari za kupandishwa cheo sitaziandika, maana zilikuwa chache na hazina mafundisho. Za mishahara nazo naziacha: wenye umri wangu wanazijua, na wadogo hawatanisadiki. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kulea mitende ndani ya nyumba, katika mji huu ambao wageni wanadhani ni wa joto tu. Kisha nitaandika ule msimu wa baridi ambao kazi hii ilitaka kufia kwenye salon yangu, sebule yetu, kule mtaa wa Katuba. Kama ingekufa pale, leo mngekuwa na kazi nyingine, pengine iliyo bora. Sijui. Siwezi kuwasemea.

Nilianza kwenye kampuni ya migodi, nchi ingali ikiitwa Zaire. Kampuni hiyo ilikuwa na hospitali yake, shule zake, maduka yake ya unga, na hata bustani yenye nyumba ya vioo. Kutoka hapo vyungu vya mitende vilipelekwa maofisini, kwenye nyumba ya wageni na kwenye ukumbi wa hospitali. Walikuwa wanatafuta mwanamke wa kupangusa majani. Sababu waliyotoa ni kwamba mikono ya wanawake ni laini. Yangu ilikuwa imelima mihogo tangu utoto, lakini sikuona haja ya kuwaeleza.

Siku ya kwanza nilimkuta Papa Mumba, mkubwa wa nyumba ya vioo. Alikuwa mtu mfupi, aliyevaa sweta la sufu hata mwezi wa kumi, wakati jua la mji wetu linapasua midomo. Hakuniuliza jina. Aliniangalia mikono.

“Umekuya na kitambaa?”

“Hapana, Papa.”

“Basi vua kilemba.”

Nikakivua. Kilikuwa kilemba cha kitenge, karibu kipya. Alikichovya kwenye ndoo, akakikamua, akanirudishia. “Pangusa juu na chini. Juu njo bantu banaonaka. Chini njo bidudu binaikalaka.” Nikaelewa: juu ni kwa macho ya watu, chini ndiko wadudu wanakokaa.

Siku nzima nilikuwa chini ya kentia mmoja uliokuwa mrefu kunipita, nikipangusa vipande vya jani kimoja baada ya kingine, mkono mmoja ukishikilia jani kwa chini ili lisivunjike. Kentia ni mtende wa kijani kizito, majani yake yanainama kama mtu anayesikiliza. Unakua polepole mno. Mwaka mzima unaweza kukupa majani mawili na ukaona umekutendea hisani. Areka, ambao ndio tulikuwa nao kwa wingi, ni tofauti: unatoa mashina mengi membamba ya rangi ya manjano, unakua kwa haraka, na unalalamika kwa haraka vilevile.

Jioni nilipoeleza nyumbani kwamba nimeajiriwa kuosha mti, mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Jina lake lilikuwa Mama Feza, mama wa mume wangu, na alikaa kwetu tangu alipofiwa.

“Bazungu balimaliza kuosha mbwa,” alisema, “sasa banaosha na miti!”

Wazungu wenyewe walikuwa wachache wakati huo, na wakubwa wengi walikuwa watu wetu. Lakini kwa haki niseme kwamba hata mimi niliona ni kazi ya ajabu.

Mjuao baridi yetu mnajua. Mwezi wa sita na wa saba mvua hakuna, upepo ni mkavu, na asubuhi mdomo unatoa moshi. Mitende hii asili yake ni nchi za unyevu na joto. Ukiiweka ofisini unaipa giza, ukavu na upepo wa mlangoni, halafu mkubwa anawasha kipasha joto karibu nayo na kudhani ameisaidia. Mtende haufi kwa baridi siku ileile. Unakufa polepole, kama mgeni mwenye adabu asiyetaka kusumbua, na ukija kufahamu umeshachelewa.

Kwa hiyo Papa Mumba alinifundisha kwa mikono. Maji ya bomba hatukuyamwaga kwenye mtende moja kwa moja. Yalilala kwanza kwenye pipa jeusi juani, hadi ukitia kiwiko usishtuke. Hatukuacha maji kwenye kisahani cha chini ya chungu. Tulikuwa na njiti ya gurudumu la baiskeli, iliyonolewa ncha: unaichoma kwenye udongo hadi chini, unaitoa, unaipitisha juu ya ngozi ya mdomo. Ikiwa baridi na imeshika udongo, huo mti hautaki kitu, nenda zako. Juu ya udongo panaweza kuwa pakavu kama bukari, ugali wetu, wa jana na chini mizizi inaoga. Jani likianza njano usilikate, maana mti bado unalinyonya. Ngoja likauke lote. Na katikati, pale linapotoka jani jipya lililojifunga kama mkuki, usipaguse kabisa. “Mutende iko na moyo moja tu,” alisema. “Ukiharibu ile, hakuna ingine.”

Jambo ambalo watu walilicheka ni *congé*, likizo ya mitende. Kila mahali palipokuwa na mtende, Papa Mumba aliweka akiba ya mwenzake kwenye nyumba ya vioo. Mtende ulikaa ofisini kwa muda, ukianza kufifia ulirudishwa kupumzika, na mwenzake akaenda kuchukua zamu. Tulivisukuma vyungu kwenye mkokoteni kati ya ofisi na bustani, na wafanyakazi wa karakana wakasimama kutuangalia.

“Papa Mumba! Huyu anaenda congé wapi, Moba kuona ziwa?”

“Anaenda kulala. Weye utalala siku utakufa.”

“Mi niko na miaka mingi hapa sijapata congé! Unigeuze mutende!”

“Unakunywa sana. Utaoza mizizi.”

Wale waliosema utani huo walikuwa na haki yao. Likizo yao ilicheleweshwa kweli. Lakini hiyo congé ndiyo iliyoifanya mitende yetu iishi miaka mingi pale ambapo wengine wananunua, wanaua, wananunua tena.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kwenye ukumbi wa hospitali areka ulikuwa unaoza kila mara, tukabadilisha udongo, tukabadilisha chungu, bado. Mwishowe tukagundua mlinzi wa zamu ya asubuhi aliumwagia maji kila siku kabla hatujafika, kwa sababu alimpoteza mkewe katika hospitali hiyo na mti huo alikaa karibu nao siku zile. Papa Mumba hakumkemea. Alimpa ile njiti ya baiskeli na kumfundisha kuisoma. Tangu hapo hatukuwa na mtunzaji bora kuliko yule.

Kesi nyingine ilikuwa ya mke wa mkubwa mmoja, aliyerudi kutoka pwani na nazi iliyochipua, akataka mnazi sebuleni. Papa Mumba alimwambia mnazi chumbani unakula akiba ya nazi yake, ikiisha unakufa. Bibi alisema ataomba. Kweli aliomba, na mnazi ulifika mwaka wa pili, ukafa. Sitasema maombi hayakusaidia. Pengine ungekufa mwaka wa kwanza.

Wala msidhani Papa Mumba hakukosea. Alipenda sana udongo wa kichuguu, vile vichuguu vikubwa vya kwetu, na aliuchanganya kila mahali. Akaja agronome kijana, mtaalamu wa kilimo, akasema udongo huo ndani ya chungu unaganda na kuinyima mizizi hewa, afadhali mchanga wa mtoni na majani yaliyooza. Papa Mumba alinuna wiki nzima. Kisha wakajaribu vyungu viwili bega kwa bega, na cha agronome kikashinda wazi. Papa Mumba alikwenda mwenyewe ofisini kwake. “Chef,” alisema, “leo kitabu ilinipiga.” Na kichuguu akakiacha, isipokuwa kiganja kimoja, ambacho alikitia akidhani hatuoni.

Halafu mambo yakaanguka. Sijui kueleza jinsi kampuni kubwa vile inavyoanguka, na niliowasikia wakieleza hawakukubaliana. Mimi niliiona kwa upande wa mitende. Kwanza ofisi moja ilifungwa, vyungu vyake vikarudi, kisha nyingine. Nyumba ya vioo ikajaa mitende isiyo na pa kwenda, kila mmoja kwenye congé isiyo na mwisho. Boiler iliyopasha nyumba hiyo wakati wa baridi ikanyamaza. Kisha kukaja zile siku za kuvunja na kubeba, na vioo vikaondoka kimoja kimoja. Waliovichukua sikuwahukumu wakati ule na siwahukumu leo. Wengi walikuwa na madirisha yenye makaratasi. Lakini baridi ilikuwa inakaribia, na paa la mitende yetu sasa lilikuwa mitaani, Kenya ya mji wetu, Kamalondo na kila mahali.

Mkubwa wetu alituita tuliobaki. Alisema hawezi kuilinda mitende tena, na atakayeweza kuitunza nyumbani kwake aichukue, iwe yake. Papa Mumba aligawa. Wengi walichukua mmoja au miwili. Mimi alinipa saba: areka sita, na ule kentia wa siku yangu ya kwanza.

“Papa, nyumba yangu iko kidogo.”

“Njo maana. Nyumba kidogo inashika joto.”

Nilikodi pousse-pousse mbili, magari ya kusukuma kwa mkono, na tukatoka mjini mpaka Katuba, majani yakiyumba juu ya vichwa vya watu. Nilivishusha vyungu uani, vikasimama karibu na lango ili nipate kupanga ndani. Mama Feza alikuwa jikoni na maharagwe yake. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikihamisha viti.

Nanyi mnajua kwetu majani ya mtende yakisimama mbele ya nyumba yanasema nini: kuna kilio, nyumba imefiwa. Jirani yetu Maman Régine alipita, akayaona juu ya uzio. Kabla sijasikia chochote, alikuwa ameshaingia, mikono kichwani.

“Yooo! Mama Feza, weye! Unatuacha na nani?”

Mama Feza alitokea na mwiko mkononi. “Ni nani alikufa?”

Maman Régine alimtazama, mdomo wazi. “Njo weye!”

“Mi? Balinizika lini?”

Nyuma yake wanawake wanne walikuwa wameshaleta viti, na mwanamume mmoja alikuwa anakokota gogo la kuwasha moto. Mama Feza aliwaangalia wote, akashusha mwiko. “Basi mukae,” alisema. “Kilio haiko, lakini maharagwe iko.” Walikaa. Walicheka mpaka jua likashuka. Lakini walipoondoka alinigeukia, wala hakucheka tena.

“Bantu banaletaka unga mu nyumba. Weye unaleta kilio.”

Mume wangu, Baba Bea, alikuwa ameacha karakana iliyofungwa na sasa alikuwa anakwenda porini kwa baiskeli kutafuta makala, yaani mkaa, ya kuuza. Mimi nilikuwa na vyungu saba. Ila niliamini vyungu hivyo ni kazi, na sababu ya kuamini ilikuwa mtu mmoja, Papa Kambale.

Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, mwenye depo ya chumvi, sabuni na mafuta, na malori. Mtu wa kanisa, mpole wa sauti, mgumu wa bei. Alikuwa anajenga nyumba mtaa wa Bel-Air, na aliwahi kuiona mitende yetu kwenye nyumba ya wageni. Nilikwenda kwake mwenyewe, kitu ambacho siku hizi ninashangaa nilikithubutu. Alinisikiliza, kisha akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu: “Mama, kwetu Butembo kuna baridi kuliko huku. Najua baridi inafanya nini. Mvua ikianza nitakuja kwako. Nikikuta hiyo miti saba ni mizima, naichukua yote, na wewe utakuja kuitunza. Na marafiki zangu watataka pia. Ikikufa, tusiongeane.”

Kwa hiyo mnaona kilichokuwepo. Ilikuwa lazima ile saba ivuke baridi. Ikivuka, nina kazi, na nyumba ina unga. Isipovuka, mimi ni mwanamke aliyeleta kilio.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya kulala na salon. Dirisha moja lilikuwa na kioo, lingine lilikuwa na bati. Kulikuwa na kona moja tu nzuri: mbali na mlango, jua la alasiri linaifikia kupitia kile kioo, na ukuta wake unashika joto mpaka jioni. Kwa mtende, ile kona ilikuwa sawa na nyumba ya vioo. Lakini Mama Feza alikuwa na kifua kibovu, na baridi ilipoanza, kiti chake kilihamia pale. Nilimwachia. Msinione mwema: mume wangu alikuwa anatazama.

Mitende niliipanga kumzunguka, kadiri kona ilivyoruhusu, akakaa katikati kama chifu kwenye msitu. Mmoja haukuenea, wala wa pili. Hao wakabaki karibu na mlango. Jioni tuliwasha mbabula, jiko letu la makala, nayo lazima mlango uachwe wazi, la sivyo moshi ule unaua watu, tumewazika wengi hivyo. Mlango wazi unaingiza upepo. Mbabula yenyewe inakausha hewa, na hewa kavu inaleta wale utitiri wekundu wanaonyonya majani kwa chini. Asubuhi nilikuwa napangusa majani kabla ya kupika uji, na Bea, binti yangu, alilalamika kwamba mitende inaoshwa uso kabla yake.

Siku moja nilirudi sokoni nikamkuta Mama Feza amesogeza kiti chake nje ya kona, amejifunga blanketi, na mahali pake ameweka mmoja wa wale wa mlangoni.

“Mama! Kifua chako!”

“Huyu naye anakohoa. Angalia rangi yake.”

Nilimrudisha. Kesho yake alikuwa amehama tena. Tukawa tunashindana hivyo, yeye na mimi, kila mmoja akimhamisha mwenzake bila kusema, na kikohozi chake kikazidi. Hapo niliogopa. Mtende nilijua kuutibu, mtu sikujua.

Wale wawili wa mlangoni walikufa hata hivyo. Ncha zilianza kahawia, kisha siku moja nilishika mkuki wa katikati, ule wa jani jipya, nikavuta kidogo, ukatoka mkononi bila kushikwa na kitu, na chini yake ukanuka uozo. Mkuki ukitoka hivyo, mti umekwisha, hata kama majani mengine bado ni kijani. Wa pili ulifuata. Nikakaa kwenye sakafu. Saba ilikuwa imeshavunjika, na baridi kali ilikuwa bado.

Nilimwendea Papa Mumba. Alikuja kwa miguu kuona, akiwa na lile sweta lake. Alichoma njiti kila chungu, akaangalia chini ya majani, akakaa kwenye kigoda.

“Hautaweza, Maman Odette,” alisema. “Hata mi nisingeweza. Areka ine ile inabakia, mwezi moja, itaenda sawa zile mbili.”

“Na kentia?”

“Kentia iko mutu wa giza na baridi. Itanuna, lakini itabakia.” Akaipangusa njiti kwenye sweta. “Mi naenda Lukafu, kulima. Kule chini hakuna baridi sawa huku. Unipe areka. Nitapanda inje, pa udongo, karibu na mayi. Itapona.”

Nilimwambia kuhusu Papa Kambale, kwamba nikimpa hiyo minne nitabaki na mmoja, na mmoja si kazi.

“Najua,” alisema. “Mi naona shida yako. Weye naye uone yao.”

“Yao ni miti, Papa! Mi niko na mutoto!”

“Kweli.” Hakukasirika. “Njo maana sitachukua kama haunipe.”

Kisha akamgeukia mama mkwe, ambaye alikuwa anatusikiliza huku anakohoa ndani ya kitenge chake. “Na weye Mama, njoo Lukafu. Bibi yangu atakupokea. Kule kifua kitafunguka.”

Mama Feza alimpima kwa macho, toka viatu hadi kichwani. “Mi siko areka,” alisema. “Uende na bale banalilia joto. Mi nabakia na huyu anayenuna.”

Tulicheka sote watatu, lakini Papa Mumba aliendelea kunitazama. Sikulala vizuri. Nilifikiri: nikiibakisha nitakuwa na miti mitano kwa muda, kisha mmoja, na nitakuwa nimesema uongo kwa Papa Kambale kila siku inayopita. Nilifikiri pia kwamba pengine Papa Mumba amekosea, kama alivyokosea kwa kichuguu. Lakini nilikuwa nimeushika ule mkuki kwa mkono wangu.

Lori la kwenda Lukafu lilikuwa la Papa Kambale mwenyewe. Lilipeleka chumvi na kurudi na mahindi. Kwa hiyo sikuweza kufanya jambo hili pembeni yake, na hata kama ningeweza nisingependa. Nilikwenda depo. Alikuwa amesimama kati ya magunia.

“Papa, naomba nafasi kwenye lori. Ya mzee mmoja na areka nne.”

Alielewa mara moja. “Mama, unataka gari yangu ipeleke miti yangu mbali na mie?”

“Bado haijakuwa yako, Papa.”

Aliweka kalamu sikioni. “Na ikibaki?”

“Itakufa.”

“Wengine watatu?”

“Wawili wamekufa. Mmoja ni kentia, huo utaishi.”

Alihesabu kwa macho magunia ya safu ya mbele. Kisha akasema kwa upole uleule: “Pakia. Nafasi ya miti sitakudai. Lakini neno letu lilikuwa la miti saba. Kwa mti mmoja siwezi kumwajiri mtu.”

Ilikuwa haki. Nimelipindua neno lile miaka mingi na bado naona lilikuwa haki.

Tulifunga majani ya areka juu kwa kamba laini, kama unavyofunga nywele za msichana, tukavivika vyungu magunia. Mmoja ulikosa gunia. Mama Feza akatoa blanketi lake la zamani. “Lirudi,” alimwambia Papa Mumba. Halikurudi. Dereva alimpa mzee nafasi mbele, lakini yeye akapanda nyuma pamoja na mitende, akaketi juu ya chumvi, mkono mmoja kwenye kila chungu alichoweza kukifikia. Lilipoondoka aliinua kidevu tu, maana mikono ilikuwa na kazi.

Baridi ile ilikuwa mbaya. Mama Feza alibaki kwenye kona sasa, kwa kuwa hakukuwa na wa kushindana naye, na kentia akasimama upande wake wa gizani, ameinama juu ya bega lake. Niliuza mandazi. Sitasema kazi ile ilikuwa chini yangu. Mandazi yalitulisha na mitende haikutulisha wakati huo. Mvua za kwanza zilipofika kifua cha Mama Feza kilipoa, na kentia ulifungua jani. Yeye ndiye aliyeliona, akamwita Maman Régine kutoka nyumba ya pili: “Kuya! Kuya uone, anafungula mukono!” Na Maman Régine akaja, akatazama, akauliza kama huo mti sasa unaweza kuuzwa. Mama Feza alimtoa nje.

Papa Kambale hakuja. Sikumtarajia. Misimu ilipita, nyumba yake ya Bel-Air ikaisha, na nikipita kule nilikuwa naangalia upande mwingine. Habari za Lukafu zilikuja kwa maneno ya madereva: mzee mzima, mihogo mizuri, miti yake imepita paa. Nilifurahi, nikarudi kukanda unga.

Siku moja, mchana, gari lake lilisimama mbele ya lango letu. Papa Kambale mwenyewe alishuka, na koti lake la kanisani, akishika kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa chenye maji.

“Mwalimu wako wa Lukafu alimpa dereva hii. Alimwambia isikae depo hata siku moja, na isikauke. Dereva amenisumbua mpaka nimeleta mwenyewe. Ni nini?”

Nilifungua. Hakukuwa na barua. Kulikuwa na matunda madogo ya manjano, yamejaa mpaka juu, bado yakiwa na ngozi yake laini na vikonyo vya kijani. Mbegu ya areka ikikauka inakufa. Hizi zilichumwa asubuhi lori lilipoondoka, wala si jana yake. Nilianza kuyahesabu kwa kidole.

“Mama?” alisema Papa Kambale.

“Ni miti yako, Papa.”

Alichungulia ndani ya kopo. “Mingapi?”

“Imepita saba.”

“Itachukua muda gani?”

Nilimwambia ukweli. Kuota tu ni miezi, na kufikia urefu wa kusimama salon ni miaka, na baridi itakuja kila mwaka, na nitahitaji mahali penye paa la kioo au la plastiki, na pipa jeusi. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikidhani ataondoka, niyamalize kabla hajaondoka. Aliangalia saa yake. Aliangalia kopo. Mama Feza, kutoka kitini, alisema: “Akae ao aende, mbegu inakauka.”

Papa Kambale alivua koti, akalitundika kwenye jani la kentia, nikalitoa, akaomba radhi, akakunja mikono ya shati. Nilileta beseni na maji ya vuguvugu. Sote watatu tulikaa kulizunguka, tukaminya matunda, nyama ikatoka, mbegu zikazama chini. Alifanya kazi vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayechambua maharagwe.

Nyama ya tunda hilo inawasha ngozi. Nilisahau kumwonya. Alipokuwa anaondoka alikuwa anajikuna hadi viwiko, na alikuwa ameshaniuliza kesho nitafika Bel-Air saa ngapi.